Wasifu wa mtunzi wa muziki, diwani au kitabu cha katuni: uchukue kipi?

Mpenda vitabu wa Dodoma aliyezoea riwaya hufika mahali akataka kitu kingine. Mbele yake kuna wasifu wa mtunzi wa muziki wa kurasa mia tatu na kitu, kuna diwani nyembamba ya mashairi, na kuna kitabu cha katuni chenye rangi za kuvutia. Fedha inatosha kimoja. Akiomba ushauri, mara nyingi anapewa ushauri wa hadhi: wasifu ni wa wasomi, mashairi ni ya wazee, katuni ni za watoto. Maneno hayo hayamsaidii, kwa sababu hayagusi kinachofanya kitabu kimalizwe au kiachwe ukurasa wa arobaini. Vitabu hivi vitatu vina namna tatu tofauti kabisa za kusomwa. Wengi wanaovunjika moyo walichagua vizuri, ila wakasoma diwani kama riwaya, katuni kama gazeti, na maisha ya mwanamuziki bila kusikia muziki wake.

Tuanze na vipimo, kisha kila kitabu kipite kwenye vipimo hivyohivyo.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni muda. Usijiulize tu una saa ngapi kwa wiki. Jiulize saa hizo zinakujaje. Mwenye saa nzima ya utulivu kila usiku na mwenye dakika kumi kumi za foleni na daladala hawafai kupewa kitabu kimoja, hata kama jumla ya saa zao ni sawa. Cha pili ni lugha, kwa maana ya Kiswahili au Kiingereza, na pia uzito wa maneno yenyewe. Cha tatu ni vitu vya kuwa navyo pembeni: simu yenye sauti, kamusi, penseli, mwanga wa kutosha. Cha nne ni upatikanaji hapa Dodoma pamoja na uimara wa kitabu, maana joto na vumbi la kiangazi cha hapa ni adui wa karatasi. Cha tano ni mambo yanayoharibu usomaji. Cha mwisho ni nani hasa kinamfaa.

Bei hatukuipa kichwa chake. Inabadilika kila duka, na peke yake inapotosha: kitabu cha bei ya juu kinachofunguliwa mara thelathini ni rahisi kuliko cha bei ya chini kinachosomwa mara moja kikageuka kitako cha kuwekea chai. Ukitaka kupima gharama, gawanya bei kwa idadi ya mara unazotegemea kukirudia.

Wasifu wa mtunzi wa muziki

Muda. Kitabu cha kurasa 300, ukisoma kurasa 20 kila jioni, kinaisha kwa siku 15. Hesabu ni rahisi ila ina sharti: jioni hizo zifuatane. Wasifu una watu wengi, kuanzia baba na mwalimu wa kwanza hadi tajiri aliyelipa mshahara, wapinzani, wake na watoto waliokufa wadogo. Ukikaa siku tano bila kukifungua, ukirudi hujui tena nani alikuwa nani, na hapo ndipo vitabu vingi vya aina hii hufia. Mtunzi Mjerumani J. S. Bach peke yake alikuwa na watoto 20. Wanne kati yao wanajulikana kama watunzi, na wawili kati ya hao wanne wanaitwa Johann kama baba yao. Dawa ni kipande cha karatasi ndani ya jalada, chenye jina, uhusiano na mhusika mkuu, na mwaka anaojitokeza. Majina kumi na mawili yanatosha kukuvusha kitabu kizima.

Lugha. Kwa Kiswahili, mlango mzuri ni wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akawa sauti kubwa ya taarab, mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950. Kitabu ni chembamba na nathari yake ni ya Shaaban Robert kweli, yenye sentensi zilizopimwa na mawaidha katikati ya habari. (Mwandishi huyo aliwahi kuwa mtumishi wa serikali Mpwapwa miaka ya 1940, kwa hiyo watu wa kanda hii wana haki ya kumwita jirani.) Anayetaka tarehe na ushahidi mtupu ataona sifa zimezidi. Anayetaka kuonja Kiswahili kilichoiva atakirudia.

Watunzi wa Ulaya ni habari nyingine. Vitabu vyao karibu vyote unavyoweza kuvipata hapa ni vya Kiingereza, na vina maneno ya fani yasiyopatikana kwenye kamusi ya kawaida. Kabla ya kununua, fungua kurasa tatu tofauti katikati ya kitabu. Ukiona mistari ya noti za muziki imechapwa kila ukurasa wa pili, kitabu hicho kimeandikiwa wanamuziki waliosomea. Ukiona barua, mikataba na habari za nyumbani, basi ni cha msomaji wa kawaida.

Vitu vya pembeni. Hapa wasifu wa mtunzi unatengana na wasifu wa mwanasiasa, kwa sababu nusu ya habari iko nje ya kitabu, kwenye sauti. Mwandishi akisema kipande fulani kilishtua watu, neno hilo halina maana mpaka ukisikie. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: kabla ya sura, chagua kazi moja inayotajwa humo na uisikilize mara moja bila kusoma chochote. Soma sura. Isikilize tena. Usichague kazi tano, utachoka na zote zitachanganyika. Kupata rekodi sahihi tumia namba ya kazi na si jina: kazi za Bach zina namba za BWV, za Mozart zina K, na nyingi za Beethoven zina opus. Bila namba unaweza kusikiliza konseto tofauti kabisa na ile mwandishi anayoizungumzia.

Bando lisikutishe. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde hula kama megabaiti 43 kwa saa. "Messiah" ya Handel, ambayo huchukua karibu saa mbili na nusu, itakugharimu kama megabaiti 108 ukichukua sauti tu bila video. Nayo ni mfano mzuri kwa msomaji wa hapa, kwa sababu "Haleluya" yake inaimbwa na kwaya nyingi za makanisa yetu. Handel aliandika kazi nzima mwaka 1741 kwa siku 24, ikasikika hadharani mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Mwanakwaya aliyewahi kuhangaika na sauti ya besi ya "Haleluya" ataisoma sura hiyo kwa namna ambayo profesa wa historia hawezi.

Kupatikana. Anza na maktaba ya mkoa na maktaba za vyuo, kama Chuo Kikuu cha Dodoma au St. John's, ukiwa na ruhusa ya kuingia. Pale vitabu vinapopangwa kwa namba za Dewey, yaani mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada, tafuta mahali pawili: muziki uko 780, wasifu wa jumla uko 920. Kitabu hichohicho kinaweza kuwekwa upande wowote, na mtu huondoka akidhani hakipo. Maduka ya vitabu ya makanisa nayo huwa na maisha ya watunzi wa nyimbo za ibada, jambo ambalo watu husahau.

Panapoharibika. Kosa la kwanza ni kuanza ukurasa wa kwanza. Sura za mwanzo za wasifu mara nyingi ni za mababu, na msomaji huchoka kabla mhusika hajazaliwa. Anza na orodha ya miaka nyuma ya kitabu kama ipo, soma sura ya kazi moja unayoijua, kisha rudi mwanzo ukiwa na hamu.

La pili ni kuamini kila kitu. Anton Schindler alikuwa katibu wa Beethoven, akaandika wasifu wake mwaka 1840, na kwa zaidi ya karne moja watu walimnukuu. Miaka ya 1970 wachunguzi walibaini kwamba alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe kwenye madaftari ambayo Beethoven, aliyekuwa kiziwi, aliyatumia kuzungumza na wageni. Hadithi kwamba Salieri alimpa Mozart sumu nayo haina ushahidi; ilikolezwa na tamthilia na sinema. Kwa hiyo angalia mwaka wa kuandikwa, na angalia kama mwandishi anataja alikopata habari. Kuna watunzi ambao nyaraka zao ni chache mno. Enoch Sontonga alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake tunaiimba katika "Mungu ibariki Afrika", akafariki mwaka 1905, na kinachojulikana kuhusu maisha yake hakijazi kitabu kinene. Ukiona kitabu kinene juu ya mtu wa namna hiyo, sehemu kubwa itakuwa habari za zama zake. Hilo si ovu, ila ulijue kabla ya kulipa.

Anayefaa. Mwenye jioni tulivu zinazofuatana, mwenye sikio la muziki, na mtu anayependa kujua jambo kwa mapana. Asiyefaa ni mwenye muda wa vipande vidogo, au asiyeweza kusikiliza chochote anapoishi.

Diwani ya mashairi

Muda. Shairi la beti sita linasomwa kwa dakika tatu. Likisomwa inavyopasa, mara mbili kwa sauti na mara moja kimya, ni dakika kumi. Chukua mawili kwa siku. Diwani yenye mashairi 80 itakupeleka siku 40, na ukiacha wiki nzima hupotezi uzi wowote, kwa sababu kila shairi linasimama peke yake. Hakuna kitabu kinachovumilia ratiba mbovu kama diwani.

Utenzi uko nje ya kanuni hiyo. Huo ni masimulizi marefu, unasomwa kwa mfululizo kama riwaya, beti hamsini au mia kwa mkao mmoja. Utenzi wa Shaaban Robert juu ya Vita Kuu ya Pili una kama beti 3,000. Ukiusoma beti mbili kwa siku utamaliza miaka minne na utakuwa umesahau vita vilianzaje.

Lugha. Hapa ndipo watu huogopa, na woga wao una sababu. Mshairi hufupisha maneno au huyarefusha ili mstari utimie, hugeuza mpangilio wa sentensi, na washairi wa zamani wa pwani hutumia lahaja: mato kwa macho, ndia kwa njia. Msomaji wa bara anaweza kudhani hajui Kiswahili. Anakijua. Anachohitaji ni masikio ya mizani, yaani hesabu ya silabi za mstari, na hayo hupatikana kwa penseli.

Chukua mstari huu:

Ukame ukirejea, uwele ni mkombozi.

Gonga kidole kwa kila silabi. U-ka-me-u-ki-re-je-a ni nane. U-we-le-ni-m-ko-mbo-zi ni nane tena. Jumla 16, huo ndio mstari wa kawaida wa shairi la tarbia, lenye mistari minne kwa ubeti. Angalia m ya mwanzo wa mkombozi: inasimama peke yake na inahesabiwa. Ile iliyo katikati, kwenye mbo, imeshikana na b na haihesabiwi. Hapo ndipo wanaoanza hukosea, wakapata 15 au 17 na kumlaumu mshairi. Kina cha kati hapa ni -a, cha mwisho ni -zi, na mstari wa pili ungelazimika kuishia hivyohivyo mahali palepale. Ukihesabu mashairi kumi kwa njia hii, la kumi na moja utalisikia lenyewe bila kugonga kidole.

Mashairi huru hayana hesabu hiyo. Euphrase Kezilahabi alitoa "Kichomi" mwaka 1974 na kuzua ubishi mkubwa kati ya waliotaka vina na mizani na waliotaka kuviacha. Kwa msomaji anayeanza, mashairi huru huonekana mepesi kwa maneno, lakini taswira zake huhitaji subira zaidi. Mashairi ya vina humsaidia msomaji kwa mdundo hata pale maana inapojificha. Mwenye kuwaza polepole aanze na huru. Mwenye sikio la wimbo aanze na vina.

Vitu vya pembeni. Penseli, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mahali ambapo hutaona haya kusoma kwa sauti. Anayetaka sheria zenyewe za utunzi atazipata kwenye kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, ambacho kina diwani yake ndani. Sheria na mifano vikiwa chini ya jalada moja ni jambo la kushukuru.

Msomaji wa Dodoma ana sababu ya ziada ya kuanza na ushairi. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ni miongoni mwa watu walioubeba ushairi wa Kiswahili kutoka pwani kuuleta bara. Aliandika diwani, tenzi, historia ya Wagogo, na ndiye aliyezieneza ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo shule nzima za Tanzania ziliyakariri baada ya Azimio la Arusha. Anayeishi Ihumwa leo na hajawahi kusoma ubeti wake hata mmoja ana hazina mlangoni.

Kupatikana. Kwa Dewey, fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Diwani huchapwa chache na zikiisha huchukua muda kurudi, kwa hiyo ukiiona unayoitaka, ichukue. Maduka ya vitabu vya shule huwa na "Wasakatonge" na "Malenga Wapya" kwa sababu ni vitabu vya kidato cha tatu na nne, na hivyo ndivyo rahisi kupata. Diwani ni nyembamba, hivyo gundi ya mgongo haibebi uzito mkubwa na kitabu hudumu. Hata jalada la karatasi ya kaki linatosha.

Panapoharibika. Shule imewafundisha wengi kusaka dhamira. Wanasoma shairi kwa haraka wakitafuta ujumbe wa kuandika kwenye mtihani, wakiupata wanafunga kitabu. Shairi likisomwa hivyo linabaki nasaha, na nasaha tunazo nyingi tayari. Kosa jingine ni kusoma mashairi ishirini kwa mkao mmoja: mdundo wa nane kwa nane ukirudiwa kwa saa nzima hulaza sikio, na ubaya unaonekana ni wa mshairi. La tatu ni kukwama kwenye neno moja gumu. Maliza ubeti kwanza. Kibwagizo mara nyingi hufungua kilichojifunga mstari wa pili.

Anayefaa. Mwenye muda uliokatika katika, mwenye fedha kidogo anayetaka kitabu cha kurudiwa miaka, anayeandika hotuba au kuendesha sherehe, na mtunzi chipukizi wa nyimbo. Hakimfai sana anayetaka kujua nini kilitokea baadaye.

Kitabu cha katuni

Muda. Albamu moja ya Tintin, mfululizo maarufu wa katuni kutoka Ubelgiji, ina kurasa 62 na mtu mzima huimaliza ndani ya saa moja. Huo ndio uzuri wake na ndio udhaifu wake: kwa gharama ya saa moja, ni kitabu ghali. Ila katuni nzuri husomwa mara mbili, ya kwanza kwa kisa, ya pili kwa michoro, na mara ya pili huchukua muda mrefu kuliko ya kwanza.

Lugha. Katuni za Kiswahili tumezoea kuzipata kwenye magazeti na majarida kuliko kwenye vitabu. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na jarida la Sani liliwapa watu akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Vitabu vya kurasa nyingi vingi ni vya Kiingereza au Kifaransa. Lakini Kiingereza cha katuni ni chepesi kuliko cha wasifu: sentensi ni fupi, ni mazungumzo, na mchoro unakueleza nusu ya maana kabla hujasoma. Kwa anayejifunza lugha ya pili hakuna ngazi bora zaidi.

Vitu vya pembeni. Mwanga mzuri, basi. Simu ndogo haifai: ukurasa uliochorwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4 ukibanwa kwenye kioo cha simu, maneno hayasomeki, na ukikuza unapoteza mpangilio wa visanduku ambao mchoraji aliupanga kwa makusudi. Kama ni lazima kusoma kwenye kioo, tumia tableti au kompyuta. Usiku umeme ukikatika, tochi kwenye karatasi inayong'aa huleta mng'ao unaoumiza macho. Ielekeze ukutani au darini, mwanga urudi kwenye kitabu.

Namna ya kusoma nayo ina utaratibu. Angalia ukurasa mzima kwa sekunde chache. Kisha nenda kisanduku kwa kisanduku, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, na ndani ya kila kisanduku tazama mchoro kabla ya maneno. Manga za Kijapani nyingi husomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo unachodhani ni mwisho wa kitabu ndio mwanzo. Anayekosea hapo huanza na siri ya kisa kizima.

Kupatikana. Kwa Dewey ziko 741.5, na maktaba nyingine huziweka upande wa watoto bila kujali ni za nani. Kwenye meza za vitabu vilivyotumika, kagua mambo mawili. Kwanza, pini za katikati: zikiwa na kutu, karatasi zitachomoka. Pili, kurasa zilizopotea. Katuni ya kushonwa kwa pini ikipoteza karatasi moja inapoteza kurasa nne, mbili nusu ya kwanza na mbili nusu ya pili, kwa hiyo hesabu namba za kurasa pande zote mbili za pini. Nakala ya fotokopi isiyo na rangi iepuke, kwani katuni nyingi hutumia rangi kuonyesha usiku, kumbukumbu au hasira.

Panapoharibika. Kosa kubwa ni kuruka kutoka kiputo kimoja cha maneno hadi kingine kana kwamba michoro ni mapambo. Ukisoma hivyo utamaliza kwa dakika ishirini na utasema hakuna kitu humo. Kosa la pili ni la wazazi, kudhani kila chenye michoro ni cha mtoto. "Maus" ya Art Spiegelman inasimulia mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, na mwaka 1992 ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Ni kitabu kikubwa, na hakimfai mtoto wa darasa la tatu. Marguerite Abouet wa Ivory Coast ameandika maisha ya vijana wa Abidjan kwenye mfululizo wa Aya, uliochorwa na Clément Oubrerie. Ni wa vijana wakubwa na watu wazima, na msomaji wa mjini Afrika atajikuta nyumbani humo. Kwa watoto wanaopenda mpira, Supa Strikas kutoka Afrika Kusini imewavuta wengi kwenye kusoma. Fungua kurasa tano za katikati kabla ya kumpa mtoto. Jalada peke yake halikwambii kitu.

Anayefaa. Aliyechoka akili jioni, mtoto anayekataa kusoma, anayejifunza Kiingereza au Kifaransa, na mtu mzima aliyepoteza mazoea ya kusoma kwa miaka. Pia mchoraji, kwa sababu hiki ni kitabu cha kiada kwake.

Vikikaa pamoja mezani

Kwa urefu wa maisha ya kitabu, diwani iko mbele, kwani hurudiwa zaidi na huchakaa kidogo. Kwa kuvuta mtu haraka, katuni haina mpinzani. Kwa kubadilisha uelewa wa jambo moja kwa kina, wasifu unazidi, ila unadai zaidi kuliko vyote viwili: muda, vifaa na mara nyingi Kiingereza.

Katika nyumba ya watu wengi tofauti ni kubwa. Wasifu ni wa mtu mmoja. Huwezi kuusoma kwa zamu bila kugombania alama ya ukurasa. Katuni hupita mikononi mwa watu wanne kwa wiki. Ngonjera zinahitaji wasomaji wawili au zaidi ili ziwe na uhai, na jioni ya kukatika umeme ni wakati wake hasa.

Kwa uhifadhi, wasifu mnene ndio unaoumia zaidi Dodoma. Gundi ya mgongo hukauka kwa joto, na kitabu cha kurasa mia nne kikifunguliwa kwa nguvu mgongo hupasuka na kurasa huachia makundi kwa makundi. Kikiwa kipya, kifungue kidogo kidogo kuanzia pande zote mbili kuelekea katikati, ukikandamiza kwa kiganja. Vyote vitatu visikae sakafuni wala kugusa ukuta, kwa ajili ya mchwa, na visipigwe na jua la dirishani, ambalo kwanza litaua rangi za katuni.

Kwa hali yako

Unasafiri kwa treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Una kama saa tatu na nusu hadi nne za kukaa pasipotikisika sana. Hapo wasifu unafaa, sura mbili na spika za masikioni, muziki ukiwa umeupakua kabla ya kuondoka. Kwa basi, mtikisiko hufanya maandishi madogo yachoshe macho. Chukua diwani, soma shairi moja, funga, lipige kichwani mpaka Gairo.

Umehamia Dodoma kikazi na unarudi nyumbani umechoka. Katuni siku za kazi, wasifu Jumamosi. Usijilazimishe wasifu Jumanne usiku, utausoma ukurasa mmoja mara tatu.

Unaimba kwaya au unapiga ala. Wasifu, na uanze na mtunzi ambaye umeshaimba kazi yake. Kama unapiga zeze au ilimba, kwanza sikiliza rekodi za Hukwe Zawose, Mgogo aliyefikisha muziki wa kwao kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Ukishazoea sauti nyingi za uimbaji wa Kigogo zinavyopishana, sura zinazoeleza namna Bach alivyosuka sauti zake zitakuwa nyepesi kwako kuliko kwa wengi.

Una mtoto wa darasa la nne anayekimbia vitabu. Katuni moja, msome pamoja, yeye asome mhusika mmoja na wewe mwingine. Baada ya miezi michache ongeza ngonjera, kwa kuwa mchezo ni uleule wa kupokezana.

Uko kidato cha tatu au cha nne. Diwani ya shule unayo tayari. Ongeza nyingine isiyo kwenye mtihani na uisome bila kutafuta dhamira. Alama za ile ya mtihani zitanufaika, maana sikio litakuwa limefunguka.

Unasoma kwa Kiswahili tu. Diwani ndiyo yenye uwanja mpana zaidi, kisha wasifu wa Siti binti Saad. Kwa katuni utegemee majarida na nakala za zamani.

Hujasoma kitabu kizima kwa miaka. Anza na katuni wiki ya kwanza, ongeza shairi moja kila asubuhi wiki ya pili na ya tatu, na wasifu usiuguse mpaka mwezi wa pili. Ukifika huko chagua mwembamba, wa kurasa zisizozidi 200, na uanze na sura ya wimbo unaoujua.

Na kama maktaba inakuruhusu kuazima viwili kwa mpigo, chukua wasifu na diwani. Wasifu ukae kando ya kitanda kwa ajili ya usiku, diwani ikae kwenye mkoba kwa ajili ya foleni. Katuni isome palepale maktaba, kwa kuwa saa moja inaitosha.